Ngoma Ipigwe, Tupa Isisikike



Miaka mingi iliyopita nilikaa kwenye benchi ndani ya ukumbi wa shule moja ya sekondari, nikitazama wanafunzi wakiigiza kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya kale ya Waswahili. Liyongo mwenyewe alikuwa kijana mrefu wa kidato cha tatu, amefungwa mnyororo wa baiskeli miguuni. Tukafika pale shujaa yuko gerezani, shauri la kifo limeshakatwa, na ombi lake la mwisho ni achezewe ngoma ya gungu. Wapigaji walikuwa wanne na debe la mafuta ya kupikia. Walipoanza kulishindilia, mwalimu aliyeongoza mchezo akasimama pembeni, akawaashiria kwa kiganja: punguzeni, punguzeni, watu wasikie maneno. Ngoma ikafifia. Liyongo akatoa tupa, akaanza kukereza mnyororo, kwere kwere, kwere kwere, na ukumbi mzima ukamsikia. Walinzi wawili walikuwa hatua tatu tu kutoka pale alipo. Nao walimsikia, ila walishaambiwa wasisikie. Tulicheka mpaka wengine wakatoka nje.

Mwalimu yule hakuwa na ubaya. Alitaka mashairi aliyowakaririsha watoto kwa majuma yasipotee bure. Lakini kelele aliyoizima ndiyo iliyobeba kisa. Kumbuka mambo yalivyopangwa. Kila chakula kizuri mama anachompelekea mwanawe gerezani, walinzi wanakila. Basi unaokwa mkate wa wishwa, wa pumba, ambao mlinzi mwenye shibe hawezi kuutia mdomoni, na ndani ya mkate ule imelala tupa. Kijakazi Saada anaupitisha mlangoni wakimcheka. Kisha Liyongo anaomba ngoma, mji mzima unakuja kucheza, matoazi yanalia, watu wanaitikia, na chini ya vishindo vyao wenyewe mfungwa wao anakata pingu. Walioitwa kumuaga ndio wanaomfungulia, nao hawajui. Ukiipunguza ngoma hapo unabaki na walinzi viziwi.

Mimi ni mtu wa redio, msikilizaji. Sauti ndiyo ugali wangu, na pengine ndiyo sababu debe lile limenikaa kichwani miaka yote hii.

Kisa kinachosimuliwa na kisa kinachochezwa jukwaani ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Msimulizi ana ruhusa ya kuruka. Akisema walinzi hawakusikia, tunamwamini, tunasonga naye mbele. Jukwaani watu wanaona kwa macho yao, na pale aliporuka msimulizi panabaki shimo. Anayehamisha hadithi ya kale kuipeleka jukwaani kazi yake ni kuyatafuta mashimo hayo, na yakimlazimu kuibadilisha hadithi, aibadilishe.

Najua hapo nimewaudhi wengine. Kila jadi inapochezwa hukosi mtu nyuma ya ukumbi anayenong'ona, “Sivyo ilivyokuwa.” Basi tumtazame Ebrahim Hussein na tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, ambayo wengi wenu mliibeba kwenye mikoba ya shule. Kinjeketile Ngwale wa historia, yule wa Ngarambe aliyegawa maji ya kuzuia risasi, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vya Maji Maji vilikuwa na majuma machache tu tangu viwake, Julai, kule Umatumbi, watu walipoanza kuing'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Vikaendelea hadi mwaka 1907. Maana yake yule mzee hakuishi kuona maji yake yakishindwa.

Wa Hussein anaishi. Mwandishi amempa uhai ambao Mjerumani alimnyima, akamvusha mpaka upande wa pili wa vita, hadi vijana wamekwisha kuanguka kwa risasi. Anakamatwa, na adui anamtaka atamke jambo moja tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Hatamki. Mwenyewe ameshaanza kuyatilia shaka maji yale tangu zamani, hata kabla ya vita, ila anajua kwamba akiyakana, watakaozaliwa baadaye wataambiwa kwamba babu zao walikufa kwa upumbavu. Hussein alikwishatuonya katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Kwa tarehe, amekosea. Kwa jukwaa, ndiye aliyelijaza shimo, kwa sababu swali ambalo kila Mtanzania alikuwa nalo moyoni, kwamba huyu mzee alidanganya au alidanganyika, haliwezi kuulizwa kwa mtu aliyenyongwa mwanzoni mwa mchezo.

Sasa turudi kwa Liyongo, maana kwake nadhani bado tuna deni. Utendi unaosomwa zaidi ni ule ulioandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Humo mtoto wa Liyongo anarubuniwa na mfalme wa Pate, anayemwinda Liyongo, anakwenda kumuuliza baba yake kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anatambua kwamba kijana ametumwa. Na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Utendi unasonga mbele. Mtoto anarudi na sindano, anamchoma baba usingizini, na Liyongo anatoka na upinde wake, anapiga goti karibu na kisima, mshale tayari, na roho inamtoka akiwa vile vile. Mji unashinda na kiu siku kadhaa, hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji mbele ya maiti.

Nimeona maonyesho kadhaa ya kisa hiki, na karibu yote yanakimbilia kisimani. Nawaelewa, picha ile ni kali. Ila hapo kwenye swali la mtoto wanapita mbio: kijana anauliza, baba anajibu, taa zinazimwa. Jamani! Mtu mzima anamkabidhi mwanawe kifo chake huku akijua, nasi tunaonyeshwa kana kwamba ameulizwa saa ngapi. Je, amechoka kuwindwa? Anamjaribu mtoto, akitumaini atashindwa kumuua? Au ni kiburi cha mtu asiyeamini kwamba damu yake itamgeuka? Utendi haudaiwi jibu. Mwigizaji anadaiwa, kwa sababu lazima aamue atazame wapi anapotamka neno kitovu.

Kwa hiyo walimu na waongozaji mnaonisikia, mkilichukua kisa hiki tena mwaka huu, kaeni na baba na mwana hapo. Wapeni dakika kumi, hata kama utendi umewapa beti chache. Kisima kitawasubiri. Na likija gungu la gerezani, wapigaji waacheni wapige, hata maneno yakipotea.