NENO LA WACHINA NA KAMBA YETU

Hotuba ya mwanachama wa reli, aliyoitoa Korbesa, Isiolo



Nataka kusema habari ya neno moja tu. Waingereza wanalo neno "gung ho". Humwita hivyo mtu mwenye bidii ya kupita kiasi, arukaye mbele bila kufikiri. Lakini neno hili si lao. Ni la Wachina, na lilizaliwa katika kazi ya watu kama sisi.

Mwaka 1937 Wajapani waliishambulia Uchina, na viwanda vingi vya Shanghai vikaharibika. Mafundi wakabaki bila kazi. Mwaka 1938 Wachina na wageni kadhaa, akiwemo Rewi Alley wa Nyuzilandi, wakaanzisha vyama vya ushirika vya viwanda. Wanachama walifuma mablanketi na kutengeneza vitu vingine, na kazi ilikuwa mali yao wenyewe. Jina refu la ushirika huo likakatwa, zikabaki silabi mbili: "gong", yaani kazi, na "he", yaani pamoja.

Neno likavuka bahari. Mwaka 1942 Evans Carlson, ofisa wa Marekani aliyelipata Uchina, alilifanya mwito wa askari wake. Alitaka wakubwa na wadogo wakae wazungumze mambo yao pamoja. Mwaka 1943 ikatoka sinema yenye jina hilo. Watazamaji wakaona mapigano, ushirika hawakuuona. Polepole "pamoja" ikapotea, ikabaki pupa.

Ndugu zangu, nasi tunalo neno letu. "Harambee" ni sauti ya watu wavutao kitu kizito. Gengi likiinua reli, mmoja huita na wote huitika. Asiyeinua, uzito wake humwangukia mwenziwe. Nanyi Waborana mnajua: kisimani ndoo hupita mkono kwa mkono, na wimbo ndio hupima mwendo. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno hili mwito wa taifa, na kwa hilo watu wakajenga shule nyingi. Baadaye wengine wakalitumia kumkamua hata asiye na kitu, mpaka sheria ya mwaka 2003 ikawakataza watumishi wa umma kutumia ofisi zao kukusanya harambee.

Mwaona? Neno la wafanyakazi likiachwa mikononi mwa wengine, hugeuka likawa fimbo. Basi msimamizi yeyote akituambia tufanye kazi saa za ziada bila malipo "kwa moyo wa harambee", tusimtukane, wala tusikimbilie kuitika. Tumwulize kwa adabu: Bwana, na wewe kamba umeishika wapi? Akiishika, tutavuta naye. Asipoishika, hiyo si harambee.