SAFARI, KAZI NA MARADHI: MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI WA BUKOBA NA MULEBA



Napenda tukumbushane yale ambayo maradhi yametufunza juu ya safari zetu.

Mwezi Machi 2020, UVIKO-19 ulipoingia nchini, miji mikubwa ya dunia ilikuwa ikifunga ofisi, na mwenye kompyuta akafanyia kazi nyumbani. Kwetu shule na vyuo vilifungwa, lakini wananchi hawakufungiwa ndani. Jirani zetu wa Uganda walizuia mabasi, kisha hata magari ya watu binafsi. Magari hayo yaliporuhusiwa mwishoni mwa Mei, wilaya za mpakani ziliachwa. Hivyo ng'ambo ya Mutukula mwenye gari na asiye nalo walikuwa sawa.

Basi gari la mtu binafsi si kinga ya kutosha. Wala kazi zetu nyingi hazihamishiki. Mvuvi wa Goziba havui kwa simu, na mkulima wa Kamachumu hachumi buni akiwa sebuleni. Hao wataendelea kupanda mitumbwi, mabasi na bodaboda.

Mwezi Machi 2023 Marburg ulizuka Bukoba Vijijini. Kati ya watu 9 waliougua, 6 walifariki. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni, kwa kuwa waliokaribiana na wagonjwa walitafutwa na kuangaliwa kwa siku 21. Abiria asiyejulikana hatafutiki.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, wakuu wa idara wasimwite mtumishi kutoka Bumbire au Ikuza kwa jambo liwezalo kumalizika kwa simu. Safari hiyo humgharimu nauli, siku nzima na hatari ya ziwa. Pili, manahodha waandike majina ya abiria wote. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na hadi leo idadi kamili ya waliokufa haijulikani, kwani wengi hawakuwa katika orodha. Tatu, dereva wa bodaboda aliyembeba mgonjwa ajitokeze, nasi tusimtenge. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Tusafiri panapo haja, na tusafiri tukijulikana.