Ngozi ya Masisi na kamba za njiani



Kabla ya maneno mengine, mupitishe kwanza mukaba huu, mkono kwa mkono. Ni ngozi ya ng'ombe wa Masisi, na shanga nyekundu, nyeupe na nyeusi zimeshonwa juu yake moja moja. Aliyeutengeneza ni papa mmoja wa Masisi, vita vilimuhamisha. Jina lake hatulitaji, kwa usalama wake. Mengine yote alituruhusu tuseme.

Sisi ba lisansi bila kazi tulikwenda kwake kujifunza. Tulizani wiki moja itatosha. Kumbe! Ngozi ikitoka kwa muchinjaji inapigwa chumvi isioze, inalowekwa ndani ya maji ya majivu mpaka manyoya yatoke, inakwanguliwa nyama na mafuta, inatandazwa juani kwa vigingi, halafu inasuguliwa na kusuguliwa mpaka ilainike. Mvua ikikaa, na munajua mvua ya Masisi, inaharibika na unaanza upya. Ni baada ya hapo ndiyo unakata, unatoboa kwa chuma chenye ncha, unashona ushanga. "Nyinyi ba lisansi muko na haraka sana," alituambia. Mmoja wetu alijitoboa kidole siku ya kwanza, hakurudi tena. Yuko hapa, anacheka.

Kuna wanaosema hayo ni mambo ya kienyeji, si kazi. Tuwaulize wazee wa Walikale. Mwaka 1956 Candi Rureke, Munyanga, alimusimulia Daniel Biebuyck hadisi ya Mwindo, na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene waliitoa kama kitabu Marekani mwaka 1969. Mwindo anashika nini mkononi? Conga: mkia wa mnyama uliofungwa kwenye mpini. Si bunduki. Na kwa jirani zetu Warega, mutu wa Bwami alijulikana kwa kofia yake yenye shanga na kauri. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilipiga Bwami marufuku, na leo vitu vya Bwami viko nyuma ya vioo katika musée ya Tervuren. Wazungu wanalipa tiketi kuviangalia. Papa wetu yeye anashonea kwenye baraza ya kuazima.

Shida yake kubwa si soko, tulikosea hapo. Shida ni njia. Ngozi moja ikitoka Masisi kupitia Sake mpaka Goma, kila kwenye kamba analipa. Shanga nazo zinatoka inchi za mbali, na zikipanda Masisi zinalipa tena. Watafiti wa IPIS na wenzao walihesabu barieri mwaka 2017: walikuta 798 katika Kivu zote mbili. Hiyo ilikuwa kabla ya M23 kushika Rubaya mwaka 2024, kabla ya Goma kuanguka Januari 2025, kabla ya Walikale-centre kuingiwa Machi ya mwaka ule. Wenye kushika kamba wamebadilika mara nyingi. Kamba iko.

Papa alikuwa na wanafunzi wawili. Mmoja alienda Rubaya kwenye koltani, mwingine Walikale kwenye dhahabu. Hatuwalaumu, shimo linaweza kukulipa jioni, ngozi inakulipa nyuma ya wiki nyingi, kama inakulipa. Lakini mwenye dhahabu hatujapata habari zake tangu Walikale ilipochafuka. Na papa ametuambia wazi: mwaka ukiisha bila mwanafunzi, anauza vyuma vyake.

Kwa hiyo tunaomba, hapana, tunadai, kwa kila anayeshika barieri kati ya Goma na Walikale, awe na uniforme gani: mutu mwenye ngozi mgongoni au mfuko wa shanga apite bure. Kama unachukua feza, toa karatasi na uandike jina lako. Sisi tutaandika kila barieri, siku na feza iliyotolewa, na tutatoa liste hapa kila mwisho wa mwezi. Munaopita njia ile, mutuletee.

Na kwetu wenyewe: papa anapokea watu sita, kila siku ya posho asubuhi. Wane wamesha kuandikwa, wawili kati yao ni ba dada. Nafasi mbili zimebaki, mumuone mwenye daftari pale mulangoni. Na mukaba urudi huku mbele, tafazali. Si wetu, umesha kuuzwa.