RANGI YETU NI ISHARA, SI AIBU

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi na walimu wa madrasa, Mhunze, Kishapu)

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, tunaanza na makosa yetu sisi walimu. Mwanafunzi wa shule ya serikali huja madrasa jioni akiitwa Masanja, nasi humwambia, kabla hajaijua Alif, kwamba jina hilo hatulitaki. Akisoma kwa lafudhi ya Kisukuma wenziwe hucheka, nasi hunyamaza. Shuleni nako lugha ya mama yake haina nafasi. Mtoto huyu aende wapi?

Tuitazame dini yenyewe. Katika Surat Ar-Rum, Aya ya 22, Allah (S.W.) amezitaja tofauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake. Basi anayeidharau ngozi nyeusi anadharau ishara ya Mola wake. Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria (630), aliyeadhini juu ya Al-Kaaba alikuwa Bilal bin Rabah, Mhabeshi aliyeteswa utumwani katika mji huo huo. Abu Dharr alipomtahayarisha mtu kwa asili ya mama yake, Mtume (S.A.W.) alimkemea kwamba bado ana masalia ya ujahiliya. Ata bin Abi Rabah, mtu mweusi, alikuwa mufti wa Makka zama za Bani Umayya. Naye Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 Hijria (1201), alitunga kitabu kizima kuhusu fadhila za watu weusi. Haya tuliyasoma kwa Kiarabu. Watoto wetu hatukuwafikishia.

Ama majina, Mtume (S.A.W.) aliyabadilisha yale yenye maana mbaya, na mengi akayaacha kama yalivyo.

Huenda mtu akasema: huu ni ukabila. La hasha! Asabiya iliyokatazwa ni kuwasaidia jamaa zako katika dhulma. Kumwondolea mtoto unyonge ni uadilifu.

Tukumbuke pia kwamba ukoloni uliigawa elimu ya Tanganyika kwa rangi: shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mgawanyo huo ulifutwa mwaka 1962. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Mlango uliofungwa kwa babu zetu umefunguliwa. Je, sisi wenyewe tuufunge kwa kumwoza binti kwa tamaa ya ng'ombe, au kumpeleka kijana machimboni kabla hajamaliza shule?

Kwa hiyo tunausia mambo matatu. Kwanza, walimu wa madrasa tujitolee kufundisha kipindi cha dini katika shule za serikali, tusingoje kubembelezwa. Pili, kila msikiti utenge sadaka kwa ajili ya sare, madaftari na chakula cha wanafunzi wasiojiweza. Tatu, sira ya Bilal na Ata ifundishwe pamoja na Alif, na hapana mtoto atakayechekwa kwa jina la babu yake.

Na tuanze wiki hii. Wabillahi tawfiq.