Roboti Inayojaza Sindano
Mwaka 2006, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, mtoto aliyekuwa akitibiwa saratani alifariki dunia. Dawa yake ilichanganywa kwa maji ya chumvi ya zaidi ya asilimia 23, ilhali yalitakiwa yasifike hata asilimia 1.

Roboti za famasia zinalenga kuzuia makosa kama hayo. Husoma msimbopau wa kichupa, huvuta dawa, hupima uzito wa bomba la sindano na kubandika lebo. Uzito usipolingana na uliotarajiwa, sindano hukataliwa.

Hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilianza kutumia mitambo hiyo mwaka 2010. Nao wafamasia hunufaika: mikono yao hukaa mbali na dawa kali za saratani. Ila vichupa bado hupakiwa na binadamu, hivyo mafunzo na usimamizi wa mfamasia visipunguzwe.