Mashine Hujifunza Kikamba kwa Yale Tuliyoandika

Hii ni hotuba ya Ofisa wa Habari wa Kaunti kwa walimu, viongozi wa vikundi vya wakulima na vijana wa Makueni na Kitui waliokutana mjini Wote. Imefupishwa kidogo.

 

Nimeombwa nijibu swali ambalo vijana hutuuliza mara kwa mara. Wanasema: siku hizi kompyuta inatafsiri. Kwa nini basi tangazo la chanjo ya mifugo au la mkutano wa bajeti litoke kwa Kiingereza na Kiswahili, halafu Kikamba kisubiri redio? Kwa nini mashine isitafsiri, wananchi wote wakapata habari siku moja?

Swali hilo ni la haki. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu hicho hicho kinaitaka dola ilinde lugha za jamii za Kenya na kuendeleza matumizi yake. Nyanya anayeelewa Kikamba peke yake ana haki ya kujua daktari wa mifugo anakuja lini, sawa na mjukuu wake aliyesoma.

Jibu langu ni kwamba mashine itatusaidia, lakini haiwezi kujua Kikamba tusichokiandika. Na kwa sasa, hakuna tafsiri ya mashine inayopaswa kumfikia mwananchi kabla haijasomwa na mtu anayeijua lugha. Nitaeleza sababu.

Mashine hujifunzaje lugha?

Wengi hudhani kuna mtu huketi akaiwekea kompyuta kamusi na kanuni za sarufi. Njia hiyo ipo, lakini ni ndefu. Njia inayotumika zaidi ni kuipa mifano mingi, nayo itafute yenyewe utaratibu ulio ndani yake.

Nitoe mfano wa shambani. Mnayajua mahindi ya Katumani, yanayokomaa upesi kabla mvua haijatukimbia. Hakuna aliyeketi akachora mhindi wa namna ile kwenye karatasi. Watafiti walipandisha mbegu, wakaangalia ipi inavumilia, wakachagua zilizo bora, wakapandisha tena msimu hadi msimu. Hata mama anayechagua mahindi ya kuning'iniza juu ya moshi ili yawe mbegu ya mwaka ujao anafanya kazi hiyo hiyo.

Mwaka 1975 John Holland, wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, alichapisha kitabu kinachoeleza jinsi kompyuta inavyoweza kutafuta jibu kwa namna hiyo. Unaanza na majibu mengi ya kubahatisha. Unayapima. Yaliyo bora unayachanganya yazae mengine, na yaliyo dhaifu unayaacha. Baada ya vizazi vingi, jibu zuri hujitokeza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Guy De Pauw wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, aliitumia njia hii kufundisha kompyuta sarufi. Ndani ya kompyuta aliunda mfano wa kijiji cha wasemaji, kila mmoja na sarufi yake. Msemaji mmoja humpa mwenzake sentensi aichanganue. Akishindwa, mwenye sentensi humsaidia, naye hutoka na kitu kipya. Wanaofanya vizuri huzaa wengine wanaorithi sarufi kutoka kwa wazazi wote wawili. Wanaoshindwa hutoweka.

Lakini sikilizeni jambo moja. Wasemaji wale hawakuanza na mikono mitupu. Walianza na sentensi ambazo binadamu walikuwa wamezichanganua kwanza, moja baada ya nyingine. Hata Katumani ilihitaji mbegu ya kuanzia. Kwa lugha, mbegu ni maandishi.

Kazi iliyofanywa juu ya Kikamba

Mtafiti huyo wa Antwerp alikuja kushirikiana na Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2007 wawili hao, pamoja na Gilles-Maurice de Schryver, walichapisha utafiti kuhusu lugha ambazo zina maandishi machache katika kompyuta. Kikamba kilikuwa mojawapo. Tatizo walilolishughulikia mnalijua vizuri: ile alama juu ya ĩ na ũ.

Kikamba kina vokali saba. Kibodi za kawaida zimetengenezewa tano. Kwa hiyo mtu akiandika kwa simu huiacha alama, na msomaji anabaki kukisia. Chukueni neno moja tu. *Kũtũma* ni kupeleka, kama katika *kũtũma mbesa*, kutuma pesa. *Kũtuma* ni kushona au kufuma, kama katika *kũtuma syondo*, kufuma vyondo. Ukiondoa alama, yote mawili huandikwa *kutuma*. Msomaji Mkamba hacheki wala hakwami, kwa sababu akiona *syondo* anajua ni kufuma. Mashine haina habari hiyo mpaka iwe imeona mifano.

Watafiti hao waliifundisha mashine kurudisha alama kwa kuangalia herufi chache zilizo kushoto na kulia kwa kila *i* na kila *u*, halafu kulinganisha na mifano iliyohifadhi. Ni kama fundi mzee anayesikia pikipiki ikikohoa na kukumbuka nyingine iliyokohoa vivyo hivyo. Faida yake ni kwamba haihitaji kamusi kubwa. Kasoro yake ni kwamba herufi chache hazitoshi pale maneno mawili yanapofanana kabisa, kama *kutuma*. Hapo lazima utazame sentensi nzima, na hiyo inataka mifano mingi zaidi.

Mwaka 2011 Benson Kituku, akiwa na Wagacha na De Pauw, alichapisha kazi nyingine: kuifundisha mashine kutambua majina ya watu, mahali na mashirika ndani ya maandishi ya Kikamba. Ni jambo dogo kulisikia, lakini mashine isiyojua kwamba Kibwezi ni mahali inaweza kujaribu kuitafsiri.

Kisha zikaja kampuni kubwa. Mwaka 2021 Kikamba kiliingizwa katika mkusanyo wa Meta wa kupimia tafsiri, wenye sentensi 3,001 zilizotafsiriwa na watu kwa lugha 101. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilitoa programu ya kutafsiri lugha 200, Kikamba kikiwamo. Mwaka huo huo Google ilitoa mkusanyo wa sauti wa lugha 102, na humo pia mna Kikamba.

Kwa hiyo kijana anayesema mashine inatafsiri Kikamba hasemi uongo. Lakini kuwamo katika orodha hakumaanishi kujua lugha. Sentensi 3,001 zinatosha kwa mtihani, hazitoshi kwa masomo.

Upungufu uko wapi?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakamba 4,663,910. Si jamii ndogo. Asubuhi ukifungua redio, Kikamba kinatiririka. Lakini kinachosemwa redioni hupita na upepo. Kilichoandikwa na kuingia katika kompyuta ni kidogo, na sehemu kubwa ni maandiko ya dini. Hiyo ni hazina, na ina historia ndefu: Injili ya Marko kwa Kikamba, kazi ya Johann Ludwig Krapf, ilichapishwa mwaka 1850. Ila mashine iliyosoma maandiko ya dini pekee itajua kusema nabii na sadaka, na itakwama kwenye basari, chanjo ya ng'ombe, na kiasi cha dawa ya kunyunyizia maembe.

Na mashine ikikwama hainyamazi kama mtu mwenye adabu. Hutoa jibu lolote, kwa lugha laini. Tuseme tangazo linasema dawa ichanganywe kijiko kimoja kwa lita 20 za maji, na tafsiri ikageuza kipimo. Mkulima hataona kosa kwenye karatasi. Ataliona kwenye miti.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu majirani zetu. Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, na Kikamba cha upande wa Machakos ndicho kilichotumika zaidi katika vitabu. Mzee wa Mwingi au Mutomo ana maneno yake na matamshi yake. Maji pekee, kuna anayesema *kĩw'ũ* na kuna anayesema *manzĩ*. Mashine ikilishwa upande mmoja, itamsahihisha mtu wa Kitui kana kwamba amekosea lugha ya mama yake. Tusikubali hilo litokee kwa sababu ya uvivu wetu wa kuandika.

Tunaloweza kufanya

Kwanza, tuandike. Kikundi cha akina mama kinachoweka kumbukumbu za mkutano kwa Kikamba kimefanya kazi kubwa kuliko kinavyodhani. Vivyo hivyo mwalimu anayewapa wanafunzi kazi ya kuandika jinsi nyanya zao walivyohifadhi nafaka.

Pili, tuandike kwa alama. Pale simu inapokuruhusu kuweka ĩ na ũ, ziweke. Ukiziacha, unaifundisha mashine kuziacha.

Tatu, kila wadi itoe maneno yake. Ukulima, maradhi ya mifugo, majina ya miti, aina za mvua: watu wa kuulizwa ni wazee walio hai leo.

Nne, tulinde kilicho chetu. Mtu akija kurekodi sauti kijijini, mwulizeni ni ya nini, itahifadhiwa wapi, na jamii itapata nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa zako binafsi, na sauti inayoweza kukutambulisha ni mojawapo. Una haki ya kuelezwa, na una haki ya kukataa.

Tano, na hili nawaomba hasa vijana: usisambaze katika kikundi cha WhatsApp tangazo la dawa, tarehe au pesa lililotafsiriwa na mashine kabla mtu mzima anayejua Kikamba hajalisoma akalilinganisha na la asili. Inachukua dakika tano.

Kijana mmoja aliniuliza kama kazi hii yote si kuzitajirisha kampuni za ng'ambo. Nilimwambia maandishi yetu tutayatumia sisi kwanza. Mtoto atayasoma shuleni, mkulima atayasoma shambani, na redio itayasoma hewani. Mashine ikija baadaye ikajifunza kutoka humo, itakuwa imejifunza Kikamba kinachosemwa Kibwezi na Kitui, si kile ilichokikisia.

 Sasa nakaribisha maswali, na kwa Kikamba pia.