Mkubwa Asiye na Fungu: Afisa Mkuu wa Menejimenti katika Wizara ya Ulinzi



Mtunza stoo akipotelewa na tairi la lori, mkaguzi atamhoji. Wizara ikipotelewa na stoo nzima, ahojiwe nani? Ukaguzi wa hesabu za Jeshi la Majini la Marekani uliibua huko Jacksonville, Florida, ghala ambalo wakubwa hawakujua kama wanalo. Ndani mlikuwa na vipuri vya ndege vya thamani ya dola milioni 126, vingine vya F-14, ndege iliyostaafishwa mwaka 2006. Vingine vilikuwa vikisubiriwa na vikosi kwa hamu. Maombi ya zaidi ya dola milioni 20 yalitimizwa kutoka humo humo.

Mambo ya aina hiyo ndiyo yaliyolisukuma Bunge la Marekani kuunda cheo cha Afisa Mkuu wa Menejimenti katika Wizara ya Ulinzi. Kilianza Februari 2018. Kiitifaki alikuwa mtu wa tatu, baada ya Waziri na Naibu Waziri. Vita havikumhusu, lake lilikuwa manunuzi, ugavi, majengo, watumishi, mifumo ya kompyuta. Sheria ilimpa hata uwezo wa kuwaelekeza mawaziri wa Nchi Kavu, Majini na Anga katika mambo hayo. Ukisoma kifungu chenyewe unamwona mtu mwenye meno. Wa kwanza, Jay Gibson, hakumaliza mwaka. Januari 2021 cheo kikafutwa.

Kisa ni nini? Wapo wanaotaja haiba za watu. Mimi natazama fedha. Bunge huidhinisha bajeti kwa kila jeshi, na kila idara ya kijeshi ina waziri wake, wahasibu wake na wabunge wa kuitetea. Afisa huyu alipewa amri, hakupewa fungu. Mkuu wa kikosi aliyesoma waraka wake alijua vizuri kwamba fedha za mwaka ujao hazipiti mezani kwake. Wala muda hakuwa nao. David Walker, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Marekani, alishauri miaka mingi kabla kwamba mtu wa kazi hii apewe kipindi maalumu, miaka mitano hadi saba. Cheo kilikuja, kipindi hakikuja. Na Bodi ya Biashara ya Ulinzi, inayoishauri wizara hiyo na iliyopiga hesabu mwaka 2015 kwamba wizara ingeweza kuokoa dola bilioni 125 ndani ya miaka mitano, ndiyo iliyopendekeza mwaka 2020 cheo kifutwe!

Kwetu Tanzania Katibu Mkuu wa wizara ni Afisa Masuuli. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) akiibua hoja, ndiye anayeitwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali (PAC), na hapo hana wa kumsukumia. Lakini tusijisifu haraka: bajeti yetu ya ulinzi nayo ina Fungu 38 la Ngome, Fungu 39 la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na Fungu 57 la wizara yenyewe, na kazi ya kuyafanya matatu yasome daftari moja si ndogo.

Turudi Marekani. Wizara yake ya Ulinzi ilikaguliwa yote kwa mara ya kwanza mwaka wa fedha 2018. Hadi hesabu za 2024, wakaguzi walishindwa kutoa maoni kila mwaka. Kati ya majeshi yake, la kwanza kupata hati safi, kwa hesabu za 2023, ni Marine Corps: jeshi dogo, lenye mkuu mmoja anayejulikana na fedha zinazopita mikononi mwake.